Maziwa Juu ya Jiko la Risasi

Mjomba alikuwa na sheria moja tu katika karakana yake, na sheria hiyo haikuwa na rufaa: hakuna fundi anayevuka mlango kwenda nyumbani kabla hajamaliza kikombe chake cha maziwa. Maziwa hukata sumu. Alilisema hilo kama watu wengine wanavyosema kwamba jua huchomoza asubuhi, na ungemuuliza ni nani aliyemwambia, angekutazama kana kwamba umeuliza nani kamwambia kuwa maji yanalowesha.

Kazi yao ilikuwa kufufua betri za magari. Betri iliyokufa ikiletwa, waliivunja kwa nyundo, wakamwaga tindikali mferejini, wakachomoa yale mabamba ya risasi, madini mazito ya kijivu yanayotunza umeme, wakayatupa kwenye karai juu ya jiko la mkaa mpaka yakayeyuka na kung'aa kama kioo. Kisha waliyamimina kwenye kalibu na kupata vichwa vipya vya kufungia nyaya. Paa lilikuwa la bati, dirisha lilikuwa moja, na moshi ulitoka ukipenda. Kila kitu mle ndani kilikuwa na rangi moja: kuta, benchi, kalenda ya mwaka juzi, nyusi za mafundi.

Fundi mwenye mkono mzuri kuliko wote alikuwa mpwa wa mwenye karakana, mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, aliyeitwa Chaji. Jina hilo alilipata kwa sababu hakukubali kamwe kwamba betri imekufa. "Ina chaji bado hii," angesema, hata kama yenyewe imepasuka ubavuni na inavuja. Wenzake walimcheka, lakini wateja walimpenda, na mara nyingi ikawa kweli ina chaji.

Jua likianza kulegea, karai la risasi liliteremshwa jikoni. Mkaa haupatikani bure, na moto bado ulikuwepo, kwa hiyo sufuria ya maziwa iliwekwa papo hapo, juu ya jiko lile lile. Maziwa yalipanda, yakavaa utando, na juu ya utando mara nyingine palikuwa na vidoadoa vya kijivu, ambavyo mafundi walivipuliza pembeni kama mtu anavyopuliza majani ya chai. Walishika vikombe kwa vidole vyeusi, wakanywa, wakafuta midomo kwa mkono wa ovaroli.

Wengine walikunywa kikombe kimoja. Chaji alikunywa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kukata sumu kama wenzake. Cha pili kilikuwa siri yake: alisikia mahali kwamba maziwa humpa mwanamume nguvu za kuzaa, na Chaji alikuwa na mke, nyumba ya vyumba viwili, na ndoa iliyoanza kuzeeka bila mtoto.

Katika mtaa wao mtu mzima huitwa kwa mtoto wake. Jirani wa kulia alikuwa Baba Mapacha. Wa kushoto, ambaye hakuwa na akili nyingi wala adabu, alikuwa Mama wa watu wanne na aliitwa kwa heshima zote. Chaji alibaki Chaji. Mkewe, fundi cherehani aliyeweka mashine yake sebuleni karibu na mlango ili apate mwanga, aliitwa Mke wa Chaji. Wenye ulimi walimwita Yule wa Chaji, wakimaanisha yule asiyezaa.

Mwanamke huyo alikuwa ameshamaliza kila aina ya matibabu. Vidonge amemeza, sindano amechomwa, amelala chali kwenye vitanda vya baridi huku watu asiowajua wakizungumza juu ya tumbo lake kama mafundi wanaozungumza juu ya injini. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: hatuoni tatizo. Na kila mara alirudi nyumbani akakuta chupa mpya ya mizizi kutoka kwa mama mkwe.

Mama yake Chaji hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Mtu mbaya unamfungia mlango. Huyu alikuja na mboga za shambani kwake, akafagia uwanja bila kuombwa, akamwita mkwewe mwanangu, kisha akakaa, akashusha pumzi ndefu kama mtu anayetua mzigo, na pumzi hiyo ilijaza nyumba nzima.

"Mkwe wangu, ile dawa unaitumia?"

"Naitumia, mama."

"Yote?"

"Yote, mama. Kilichobaki ni kutafuna chupa."

"Usifanye mzaha. Mimi nakuombea kila siku."

"Najua, mama. Nasikia mpaka huku."

Siku moja, baada ya mama mkwe kuondoka, Mke wa Chaji alilitandaza ovaroli la mumewe kwenye beseni na kulisugua mpaka maji yakawa rangi ya jivu. Aliyamwaga, akatia mengine, yakawa jivu tena. Ndipo aliposimama, mikono ikidondosha povu.

"Mume wangu, nikuulize kitu cha kifundi. Gari likigoma kuwaka, wewe unafungua boneti ya gari la jirani?"

"Kwa nini nifungue la jirani?"

"Ndiyo nashangaa. Maana miaka yote hii linafunguliwa langu tu."

Chaji alielewa, akajifanya hakuelewa. "Mimi niko sawa."

"Nani kasema?"

"Mwili wangu naujua."

"Mficha uchi hazai," alisema mkewe. "Mimi uchi wangu umeshaonwa na nusu ya madaktari wa nchi hii. Zamu yako."

Alikwenda. Si kwa ushujaa. Alikwenda kwa sababu mkewe alikataa kushona, kupika na kuzungumza, na kati ya hayo matatu kilichomshinda ni kimya. Hospitalini alipewa kikopo kidogo chenye kifuniko cha kijani na kuelekezwa chooni. Choo kilikuwa pia stoo ya ndoo na mafagio, na komeo lake lilikuwa limeng'oka, kwa hiyo alilazimika kuuzuia mlango kwa mguu mmoja huku akisimama kwa mwingine.

"Kuna mtu?" sauti ya nje iliuliza.

"Kuna mtu!"

"Utakaa sana?"

Alikaa sana. Mtu asiyekaa sana katika hali ile ana moyo wa chuma. Alipotoka na kikopo amekificha kwenye kofia, akapotea katika korido, na nesi akapaza sauti mbele ya benchi zima la wagonjwa: "Yule baba wa kikopo yuko wapi?" Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu kumwita baba.

Daktari alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso kana kwamba macho mengine yako huko. Aliwakaribisha wote wawili, Chaji na mkewe aliyekuja kusikia jibu, na hakuzunguka mbuyu.

"Mbegu ni chache mno. Na katika hizo chache, nyingi hazisogei."

"Kipimo kimekosea," alisema Chaji.

"Inawezekana. Tutarudia."

Walirudia. Yaani walirudia baada ya mpimaji kurudi likizo, na baada ya umeme kukatika asubuhi ambayo Chaji alikuwa ameshaingia kwenye mafagio na kutoka, hivyo akaambiwa arudi tena na kikopo kingine. Jibu lilikuwa lile lile. Daktari akateremsha miwani.

"Kazi yako ni nini?"

"Betri. Tunavunja, tunayeyusha risasi, tunaunda upya."

"Mnajikingaje?"

Chaji alikaa wima. Swali hili alikuwa na jibu lake. "Tunakunywa maziwa, daktari. Kila siku, hakuna kukosa. Mimi nakunywa vikombe viwili."

"Mnayapashia wapi?"

"Jikoni."

"Jiko gani?"

Mkewe aligeuka taratibu akamtazama.

"Jiko la pale pale kazini," alisema Chaji, na sauti ilikuwa imeshaanza kumpungukia. "Tukishashusha risasi."

Daktari hakucheka wala hakushangaa, na Chaji angependelea lolote kati ya hayo mawili. Alieleza polepole. Risasi ikiyeyuka hutoa moshi, moshi hutua ukawa vumbi, vumbi huingia kwa pumzi na zaidi kwa mdomo: kwa vidole, kwa chakula, kwa kikombe. Maziwa hayakati kitu. Yakinywewa pale, yanaibeba sumu na kuisindikiza mpaka ndani. Ikishaingia damuni huwa na tabia nyingi mbaya, na mojawapo ni kuvuruga pale mwili wa mwanamume unapotengeneza mbegu. Alisema hawezi kuapa kwamba ni hiyo tu. Wanaume hukosa mbegu kwa sababu nyingi. Damu ipimwe kwanza.

Damu ikatolewa, na hapo mateso ya Chaji yakapata miguu. Maabara ile haikuwa na mashine ya kupima risasi, kwa hiyo damu ilisafirishwa kwenda hospitali kubwa. Hospitali kubwa ikasema haikuiona. Ikatolewa nyingine. Hiyo ilifika, lakini mashine ilikuwa inasubiri kipuri. Kila alipokwenda kuuliza, alimkuta dirishani kijana mpya mwenye tabasamu jipya. "Njoo wiki ijayo, mzee." Chaji hakuwa mzee. Alianza kuhisi kwamba atakuwa, pale pale dirishani.

Jibu lilipokuja hatimaye, daktari alilisema kwa mdomo, akiwatazama wote wawili: risasi iliyokuwa ndani ya damu yake ilizidi mara nyingi kile ambacho daktari angetamani kukiona.

"Nipe dawa," alisema Chaji.

"Dawa ya kwanza ni kutoka pale. Ukimeza kitu chochote huku bado unavuta moshi ule, ni sawa na kufuta sakafu chini ya bomba lililo wazi."

"Na nikitoka, nitapata mtoto?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Mbegu mwili huzitengeneza upya kila baada ya miezi michache, hilo lina matumaini. Lakini risasi nyingine imeshajificha kwenye mifupa, nayo hutoka kidogo kidogo kwa miaka. Wapo wanaopata nafuu. Wapo wasioipata. Nikikuambia zaidi ya hapo nitakudanganya."

Chaji alizoea betri. Betri unaipima, inashika au haishiki. Lile "sijui" alitoka nalo kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Walipokaribia nyumbani mkewe alisimama.

"Utamwambia mama yako."

"Nitamwambia."

"Wewe. Kwa mdomo wako. Mimi sitasema neno, maana nikisema nitaambiwa nimekusingizia ili nibaki. Nitangoja useme."

"Nimesema nitamwambia."

"Basi nangoja."

Alingoja. Chaji hakusema. Alijiambia kwamba kwanza atengeneze mambo ya karakana, kisha atamweleza mama habari iliyo kamili, yenye mwanzo na dawa. Ilikuwa njia ndefu ya kuogopa.

Kwa mjomba wake alikwenda kwa adabu. Mjomba huyo ndiye aliyemchukua Chaji baba yake alipofariki, akamlisha, akamshikisha koleo kabla hajaota ndevu. Alimkuta amekaa kwenye kreti, mkono wa kulia ameulaza pajani kama kawaida yake siku hizo, kwa sababu, alisema, ulikuwa umechoka.

"Mjomba, nilikuwa nafikiri. Maziwa tuyapashie kwenye jiko lingine. Huko nje. Na tuweke sabuni, tunawe kwanza."

"Kwa nini?"

"Wanasema ile risasi inaingia kwenye maziwa."

"Nani wanasema?"

"Hospitali."

Mjomba aligeukia mafundi wengine, apate mashahidi. "Mnasikia? Hospitali! Mimi nimezaa saba. Saba! Sasa hiyo risasi imenila wapi?"

"Labda aliyeliwa ni wa nane," alisema fundi mmoja kutoka nyuma ya mkaa.

Karakana ilicheka yote. Mjomba peke yake hakucheka, na Chaji aliliona hilo, na likamkaa kichwani. Jioni ile, huku wenzake wakipuliza vidoadoa vya kijivu, yeye alishika kikombe bila kunywa na kupiga hesabu ambayo familia nzima ilikuwa na tarakimu zake na hakuna aliyewahi kuijumlisha. Wale saba walizaliwa mjomba alipokuwa dereva wa lori. Kitinda mimba alikuwa ameshavaa sare za shule siku karakana ilipofunguliwa. Baada ya hapo mjomba alioa mke mdogo, msichana mcheshi aliyejua kuimba. Akakaa naye miaka. Hakuna kitu. Ikasemwa hana kizazi, akapewa talaka, na Chaji ndiye aliyembebea sanduku mpaka barabarani.

Kama vile hesabu hiyo ilihitaji muhuri, haikupita wiki mkewe alirudi sokoni na nyuzi zake, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Nimemwona mkaza mjomba wako. Yule mdogo."

"Wapi?"

"Anauza vifungo na zipu. Kapata mume mwingine. Nyuma ya meza yake kulikuwa na watoto wawili wanagombania biskuti, na tumbo lake liko mbele hivi." Alionyesha kwa mkono. "Nikamuuliza, hawa wa nani? Akanijibu, 'Wa yule tasa.' Akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikuweza kucheka." Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Bado nangoja, Chaji."

Alimwita Chaji pale tu alipokuwa amekasirika.

Mama hakungoja. Alituma habari kwamba Jumapili atakuja, na atakuja na kaka yake, yaani mjomba, kwa sababu ni jambo la wakubwa. Chaji alijua jambo lenyewe. Mkewe pia alijua, na siku hiyo alichemsha chai kwa ajili ya watu waliokuja kumjadili, akaipanga mezani pamoja na sukari, kisha akaenda kukaa kwenye cherehani yake, uso ukutani, akaanza kushona shati la mteja. Mguu ulikanyaga, mashine ikapiga kelele yake ya kutafuna.

Mama alianza mbali. Akaulizia afya, mvua, bei ya vitu. Halafu akashusha ile pumzi.

"Mwanangu, hatumfukuzi mtu. Huyu ni mwanangu pia, Mungu ananiona. Lakini nimepata binti, watu wake nawajua, hawana maneno. Atakuja awe mwenzake. Watasaidiana."

"Gharama usiwaze," alisema mjomba. "Nipo."

"Mama," alisema Chaji, "kule karakana hewa si nzuri."

"Hewa?"

"Ule moshi. Moshi wa risasi. Una madhara yake."

"Sasa moshi unahusiana nini na mke?"

Chaji alisema kuna mambo ya kitaalamu. Alisema damu. Alisema vipimo vinachelewa sana siku hizi, ile hospitali ina matatizo, mashine yao inasubiri kipuri. Maneno yake yalizunguka meza kama nzi asiyejua pa kutua. Na wakati wote huo cherehani ilikuwa inatafuna, inatafuna, mpaka ikanyamaza.

Mkewe hakugeuka. Mguu ulikuwa umesimama juu ya kanyagio, basi. Lakini nyumba ile ilikuwa haijawahi kuwa kimya kiasi kile, na Chaji alitambua kwamba akiliacha shati lile limalizike bila yeye kusema, hakutakuwa na haja tena ya kusema.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Nisiyezaa ni mimi. Yeye hana tatizo. Hajawahi kuwa nalo. Mimi ndiye mbegu zangu hazifai, na risasi imejaa damuni mwangu. Nimepimwa mara mbili, na damu pia."

Mama alimtazama, kisha akautazama mgongo wa mkwewe. "Nani kakutia maneno hayo kinywani?"

"Daktari."

"Daktari gani?"

"Wa hospitali, mama. Mama mmoja mtu mzima."

"Aha! Mwanamke!"

"Angekuwa mwanamume angeziona mbegu nyingi zaidi?"

Mjomba ndiye aliyeinua mkono kumnyamazisha. Hakuwa na hasira ya kelele. Ilikuwa ile nyingine. "Kwa hiyo karakana yangu imekuhasi. Nilikulea. Nikakupa ufundi. Nikakupa na maziwa juu yake, kila siku, sijawahi kukukata hata tone. Leo unakaa mbele ya mama yako unaniambia nimekuhasi."

"Sikusema wewe, mjomba. Nimesema risasi."

"Karakana ni yangu na risasi ni yangu."

"Na mke mdogo alikuwa wako," alisema Chaji, na alipoanza hakuweza tena kuushika ulimi. "Tukasema hana kizazi. Sote. Ana watoto wawili sasa, mjomba, na wa tatu yuko njiani. Yuko sokoni pale, anauza vifungo. Mtu yeyote anaweza kwenda kuwaona."

Mjomba aliinyanyua chai yake, na Chaji akaona kitu ambacho macho yake yalikuwa yakikipita kila siku: kiganja cha kulia kililegea kwenye kifundo kama ua lililokosa maji, na mzee akalazimika kuleta mkono wa pili kukishikilia kikombe. Alikunywa. Akakirudisha kwa mikono miwili.

"Kesho usije," alisema.

Mama alipoondoka alisimama kidogo nyuma ya cherehani, mkono ameunyosha kama anayetaka kugusa bega. Hakuligusa. "Chai ilikuwa nzuri," alisema, akatoka.

Chaji alibaki amekaa. Alitarajia kitu, hakujua nini; labda kwamba mkewe angelia, au angekuja kukaa naye.

"Nimesema," alisema mwishowe.

"Nimesikia. Ukiitazama meza." Alikata uzi kwa meno. "Lakini umesema." Mguu ukakanyaga tena.

Alipata kazi kwa fundi wa nyaya za magari, upande wa pili wa mji. Hapakuwa na jiko wala karai. Kipato kilikuwa cha kubangaiza, na wateja wa huko hawakumjua, wakamwita "wewe wa nyaya." Ovaroli aliliacha huko huko, akanawa mpaka viwiko kabla ya kugusa chakula, akapita mbali na kila mahali palipokuwa na moshi wa kuyeyusha. Alifanya kila alichoambiwa, kwa uaminifu ule ule aliokuwa nao kwa maziwa, na jambo hilo lilimtisha usiku na mchana: aliwahi kuwa mwaminifu hivi hivi kwa kitu kilichokuwa kinamuua.

Msimu ukapita, akarudi kwenye mafagio na kikopo. Safari hii mlango ulikuwa umetiwa komeo jipya, na hayo yalikuwa maendeleo pekee ambayo mtu angeweza kuyashika kwa mkono.

"Zimeongezeka kidogo," alisema daktari.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kutia moyo. Si kidogo cha kupata mtoto. Bado."

"Sasa nifanye nini?"

"Unachofanya. Uendelee."

Alitaka kupiga meza. Kungoja si kazi. Kungoja hakushikiki kwa koleo. Badala ya kwenda nyumbani, miguu ilimchukua hadi karakana ya mjomba, na alijipa sababu kwamba anafuata koleo lake alilolisahau.

Alisimama kabla ya kufika mlangoni. Nje, chini ya ukingo wa paa, upande usiopata moshi, palikuwa na jiko dogo jipya, na juu yake sufuria ya maziwa iliyofunikwa kwa sahani. Kando yake, ndoo ya maji yenye bomba, na kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba kisiibwe. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kreti lake, mkono pajani. Waliangaliana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umefuata koleo?"

"Nimefuata koleo." Chaji alilitazama jiko. Hakuweza kujizuia. "Mmehamisha."

Mjomba aliangalia barabara. "Ule moshi ulikuwa unaharibu ladha ya maziwa," alisema.

"Ladha."

"Ladha, ndiyo. Mafundi walikuwa wanalalamika."

Hakuna fundi aliyewahi kulalamikia ladha. Chaji alisubiri neno lingine: juu yake, juu ya mke mdogo, juu ya ule mkono. Halikuja.

"Huo mkono, mjomba, ungepimwa. Yule daktari yupo kila siku asubuhi."

"Yule mwanamke?"

"Yule yule."

"Nitaona," alisema mjomba, kwa sauti ya mtu asiyeahidi. Akasukuma kikombe kitupu kwa ncha ya kiatu. "Nawa basi unywe."

Chaji alinawa, akanywa, akachukua koleo lake. Maziwa yalikuwa na ladha ile ile ya siku zote.

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi. Alimweleza yote: zile mbegu kidogo, komeo jipya, jiko, sabuni kwenye kamba. Alipofika kwenye ladha, mkewe aliacha pasi, akacheka, kicheko kikubwa cha ghafla ambacho Chaji alikuwa amekisahau, akajikuta naye anacheka. Kisha kicheko kikamwisha mkewe kabla hakijamwisha yeye.

"Kwa hiyo sufuria imepata haki yake," alisema, akainyanyua pasi. "Bado mimi."

Chaji alijua hasa alichokuwa anaambiwa. Mama yake tangu Jumapili ile alikuwa anatuma mboga kwa jirani, haji mwenyewe. Mizizi ilikoma, lakini hakuna aliyesema kwa nini. Huku mtaani mkewe alikuwa bado Yule wa Chaji. Kweli ilikuwa imesemwa kati ya watu wanne, ikabaki na hao wanne, kama kitu kilichofungiwa kabatini ili wageni wasikione.

Alivaa tena viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Nakwenda kumleta aje akwambie mwenyewe."

"Hatakuja."

"Basi nitakaa kwake mpaka aje."

"Na kama hataki kuzungumza?"

"Atazungumza. Na nikipita kwa Baba Mapacha nitamwambia na yeye, na yule wa kushoto pia, yule ndiye redio ya mtaa."

Mkewe alimtazama kwa muda, akipima. "Safari hii usitazame meza," alisema.

"Nitasimama," alisema Chaji, akatoka. Uwanjani Baba Mapacha alikuwa anaosha gari la bosi wake kwa kitambaa kilicholowa, bomba likimwagika ndooni. Chaji alimsalimia, akasita, halafu akamwendea, akamwambia alifunge lile bomba kwanza, kuna jambo anataka alisikie vizuri.